Bibi Tuliza Adai Sikukuu Yake

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyompa na kama mwenyewe anavyopenda litamkwe bila kurukwa hata kipande, ni Bibi Tuliza, Mlaza Wakorofi, Mama wa Wenye Mama Zao. Ndiye aliyemwachisha kunyonya kidole yule bwana ambaye leo ni hakimu na anafunga watu. Ndiye aliyemtoa punje ya mahindi puani mtoto wa mwenye nyumba kwa pilipili manga na kofi moja la mgongo, wakati daktari bado anatafutwa. Ndiye aliyewafundisha kutembea watu wazima ambao siku hizi wakimpita barabarani na magari yao huona haya kumpigia honi. Ukimwita "bibi" tupu, kama unavyomwita bibi yeyote muuza karanga, hageuki. Atakuacha uite mpaka sauti ikukauke.

Kazi yake ni kutunza watoto wa watu. Asubuhi wazazi wanamletea, jioni wanakuja kuwachukua, na katikati hapo ufalme ni wake. Ufalme wenyewe ni chumba kimoja cha mbele: dirisha la nondo, kabati la vikombe ambalo mlango wake haushiki na umefungwa kwa kipande cha shuka, na poti za plastiki zimepangwa kando ya mlango wa uani kama viti vya wageni waheshimiwa. Nje kuna kamba ya nguo, na juu ya kamba kuna nepi, mvua inyeshe au jua liwake. Na katikati ya chumba kuna mkeka.

Mkeka ule una sheria moja: anayeketi, anapakata. Haiwezekani ukae kwenye mkeka wa Bibi Tuliza na mapaja yako hayana mtu, halafu kuna mtoto analia pembeni. Kabla hujamaliza kukunja miguu utakuta umeshawekewa mmoja. Mwenye nyumba aliwahi kuja kudai kodi, akakaribishwa, akaketi. Alipoinuka alikuwa amelowa mpaka soksi, na ile kodi aliikumbuka akiwa kwake anafua suruali.

Sasa, kwa miaka mingi sana, jambo moja tu lilimshinda Bibi Tuliza, nalo ni sikukuu. Sizungumzii sherehe zenyewe. Sherehe anazipenda, na akicheza ngoma vijana hukaa pembeni. Nazungumzia malipo. Wazazi walimlipa kwa mwezi, lakini siku ya mapumziko ikiingia katikati ya juma, siku hiyo walimkata. "Hukufanya kazi, Bibi," walimwambia kwa upole, kama watu wanaomfundisha mtoto kuhesabu. Mwezi wenye sikukuu nyingi, watu wengine wakila na kusaza, yeye alikaza mshipi. Kwa hiyo akawa na mtindo wake: sikukuu aliacha mlango wazi, na yeyote aliyekuja na mtoto na chochote mkononi, akampokea. Wako waliokwenda kwenye harusi, wako waliokwenda sokoni, wako waliotaka kulala tu. Mkeka ulijaa sikukuu kuliko siku za kazi.

Mtu mmoja alichukia mtindo huo kuliko wote, naye ni binti yake. Alikuwa na huyo mmoja tu wa kumzaa mwenyewe. Alikulia kwenye mkeka ule ule, amebanwa katikati ya watoto wa watu, mpaka alipoanza kusema alimwita mama yake "Bibi," kwa kuwa ndivyo alivyosikia wengine wakiita. Ilibidi afundishwe kusema "Mama," na alifundishwa na jirani. Siku hizi ni mwoka mikate, anaamka watu wakiwa wamelala, na siku anazopumzika ni sikukuu tu, tanuri likizimwa. Kila sikukuu alikuja kumwona mama yake, na kila sikukuu alimkuta ana mmoja mgongoni, mmoja mapajani na mmoja anamvuta kitambaa cha kichwa.

Sikukuu moja alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, hawa nao ni wa nani? Si sikukuu leo?"

"Wa watu."

"Wa watu najua. Ningeshangaa ungeniambia umewazaa."

"Ingia basi, usinizibie upepo. Shika huyu, anataka kucheua."

Binti hakumshika. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia. "Mama, mwaka mzima nina nyumba yangu. Nimeipaka rangi, nimeweka pazia, nimenunua kiti kizuri makusudi kwa ajili yako. Kiti hicho anakalia paka. Wewe hujui hata mlango wangu unaelekea wapi."

"Nitakuja, mwanangu. Kazi tu hizi."

"Umeniambia hivyo sikukuu iliyopita, na ya kabla yake. Sasa nisikilize. Sikukuu ijayo nakuja kukuchukua asubuhi. Nikikuta hapa mlangoni kiatu cha mtoto, hata kimoja, nageuza. Na sitakuja tena kukubembeleza. Paka na akae."

Bibi Tuliza alicheka. Lakini hakucheka sana. Alimjua mwanawe: hakuwa mtu wa kutishia ovyo, na ukaidi wake aliurithi kwa mtu ambaye Bibi Tuliza alimfahamu vizuri sana, maana alimwona kila alipochungulia kwenye kioo.

Ndipo akapiga moyo konde. Jioni moja wazazi walipokuja kuchukua watoto, hakuwatoa. Aliziba mlango kwa mwili wake, na mwili ule unaziba mlango barabara.

"Ketini. Nina neno."

Waliketi mkekani, na kwa jinsi walivyoketi haraka haraka, kila mmoja akajikuta amempakata mtoto ambaye si wake. Karani mmoja wa ofisini, anayeitwa Baba Pacha kwa sababu zinazoonekana, alipewa mtoto wa muuguzi, msichana wa miezi saba mwenye meno mawili na njaa ya kudumu. Muuguzi akapewa pacha mmoja, na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma akapewa pacha wa pili, huku mwanawe mwenyewe akiwa amejificha ndani ya kapu la nguo.

"Kuanzia sasa," alisema Bibi Tuliza, "sikukuu mtanilipa. Na sikukuu mlango naufunga."

Wazazi walitazamana. Hata pacha waliacha kurusha mateke, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Samahani, Bibi Tuliza," alisema Baba Pacha, akikohoa kidogo kikarani. "Tukulipe, halafu ufunge? Yaani nilipie mlango uliofungwa?"

"Baba Pacha, ofisini kwenu sikukuu iliyopita mlifungua?"

"Tulifunga."

"Mwisho wa mwezi ulikatwa?"

Baba Pacha alitaka kurekebisha tai yake, lakini tai ilikuwa imeshaingia mdomoni mwa mtoto wa muuguzi hadi nusu. "Ile ni tofauti, Bibi. Ile ni serikali."

"Na mimi ni serikali ya wanao. Kwani kutwa nzima wanatawaliwa na nani?"

Watu waliangua kicheko, na Baba Pacha naye akacheka kwa shingo upande, huku akiivuta tai yake polepole kama mvuvi anayevuta kamba.

Lakini fundi cherehani hakucheka. Huyu alikuwa mama mwenye maneno machache, vidole vimejaa alama za sindano. "Bibi, mimi niseme ukweli," alisema. "Siku nisiyoshona, sili. Mimi sina ofisi ya kunilipa nikiwa nimelala. Nikikulipa wewe upumzike, mimi nitapumzika kwa jasho la nani?"

Bibi Tuliza alimtazama yule mama, akatazama vile vidole. Neno lilikuwa la haki, na yeye kulikimbia neno la haki kungemchoma kuliko kukosa fedha.

"Hapo umenikamata, mwanangu," alisema mwishoni. "Basi iwe hivi. Anayelipwa sikukuu akiwa kitandani, naye anilipe nikiwa kitandani. Asiyelipwa, asinilipe. Sitaki mtu anipe asichopewa."

"Bei mbili dukani mwa mtu mmoja!" Baba Pacha alilalamika.

"Ukitaka bei ya fundi, acha ofisi ukashone."

"Kushona siwezi."

"Basi lipa."

Muuguzi muda wote alikuwa anamfuta pacha makamasi kama yuko wodini. Sasa akainua kichwa. "Mimi nalipwa, na nitalipa bila maneno. Lakini Bibi, wagonjwa hawana sikukuu. Mimi siku hizo niko zamu. Ukifunga mlango, huyu wangu nitamweka wapi? Kwenye kabati la dawa?"

Jibu la swali hilo Bibi Tuliza hakuwa nalo. Na kwa kuwa mtu mwenye jina refu kama lake hawezi kusema mbele za watu kwamba hana jibu, alisema, "Tutaona," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona.

Waliinuka, wakabadilishana watoto, kila mtu akapata wake. Baba Pacha alikuwa wa mwisho kutoka, tai yake imekuwa na rangi mbili. Alisimama kizingitini akasema, "Sawa, Bibi. Nitalipa. Lakini mimi nina tabia moja: nikikilipia kitu, nakitumia." Bibi Tuliza alikuwa ameinama anaokota midoli, akaitikia "haya, haya" kama anavyomwitikia mtoto anayeeleza ndoto.

Mwezi ukaisha, wenye mishahara wakalipa, na sikukuu ijayo ndani yake. Mwezi uliofuata sikukuu ikaingia.

Asubuhi hiyo aliamka kabla ya jua akauviringisha mkeka, akausimamisha ukutani. Chumba kilionekana kikubwa kama ukumbi. Alioga taratibu, bila mtu kumgongea mlango wa bafu. Alivaa gauni lake la maua makubwa, akajifunga kitambaa kipya cha kichwa, akajipaka mafuta mpaka viwiko. Kisha akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, mapaja hayana kitu, akahisi kama amesahau jambo. Mara mbili aliinuka kwenda kutazama poti.

Mlango ukagongwa. "Mwanangu huyo!" akasema, akaingiza miguu kwenye viatu mbio mbio, akafungua.

Alikuwa Baba Pacha, amevaa kaptula, pacha mmoja kila upande.

"Shikamoo Bibi Tuliza."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimewaleta."

"Leo sikukuu."

"Naam! Na nimeilipia." Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. "Maisha yangu yote sijawahi kulipia sikukuu, Bibi. Hii ya kwanza, siwezi kuiacha ipotee bure. Mimi na mama yao tunarudi kulala. Vyakula vyao vimo mfukoni, yule mwenye fulana nyekundu asubuhi amekataa kunywa maziwa."

Kabla Bibi Tuliza hajapata la kusema, pacha walikuwa wameshavua viatu na kuingia, maana wao walizoea. Nyuma ya Baba Pacha akatokea mama mmoja wa benki, naye ana mtoto na naye amelipa. Nyuma ya mama wa benki akatokea mzee mmoja anayelea mjukuu. Alisema yeye hakuelewa vizuri habari ya kulipa, ila ameona wenzake wanapita na watoto akadhani ndiyo desturi mpya. Viatu vikaanza kulundikana mlangoni: vidogo, vya rangi, vingine vya mguu mmoja tu.

Halafu akaja fundi cherehani, anatembea upande upande kwa aibu. "Bibi, mimi sikulipa, kwa hiyo sidai. Nimekuja kuomba. Nina magauni ya harusi ya leo hii hii, na huyu jana kameza kifungo."

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Cha rangi gani?"

"Cheupe."

"Afadhali. Vyeusi hukawia."

Na mwisho akaja muuguzi, amevaa sare, anakimbia, na bila salamu akamtia mwanawe mikononi mwa Bibi Tuliza. Mtoto yule alilicheka gauni la maua, akalishika ua moja na kuliweka mdomoni.

Semeni ninyi mlio na mioyo ya mawe kama mngemrudisha. Mikono ya Bibi Tuliza ilikuwa imeshampakata yule mtoto kabla kichwa hakijaulizwa. Macho yalikuwa yameshautazama mkeka pale ukutani. Mdomo ulikuwa tayari unasema, "Haya, ingizeni, ingizeni, tutafanyaje," kama ulivyosema sikukuu zote za maisha yake, na wazazi walikuwa wameshageuza migongo nusu.

Ndipo akamwona binti yake kwenye kona ya mtaa.

Alikuwa amevaa vizuri, amebeba mkate mkubwa kwenye kitambaa. Aliutazama mlango. Akalitazama lile rundo la viatu. Aligeuka tu, kama alivyoahidi, akaanza kurudi alikotoka.

"Wewe!" aliita Bibi Tuliza. "Simama hapo hapo!"

Sauti ile imewahi kuwasimamisha watoto ukingoni mwa ngazi na vidole vyao vikiwa karibu na moto. Binti alisimama. Baba Pacha naye alisimama, na mama wa benki, na mpita njia mmoja na baiskeli yake ambaye hakuhusika kabisa.

Binti alisimama, lakini hakugeuka. Alimpa mama yake mgongo, mkate kifuani. Na Bibi Tuliza, kwa kuutazama mgongo ule, alijua kwamba ukipita kona hautarudi. Akavuta pumzi.

"Muuguzi, nenda kazini. Fundi, nenda kashone. Nyie wawili msinishukuru, nendeni." Wakaenda. "Wengine mbaki. Baba Pacha, ulisema leo unafanya nini?"

"Ninapumzika, Bibi."

"Nani anakulipa leo?"

"Ofisi."

"Na mimi nani ananilipa leo?"

Baba Pacha alianza kuona barabara inakoelekea, akarudi hatua nyuma. "Mimi... na wenzangu."

"Ahsanteni sana. Mmenilipa ili nipumzike, na mimi si mwizi, kazi niliyolipwa naifanya. Naenda kupumzika." Akamwekea yule mtoto wa muuguzi mikononi. "Ofisi nayo imekulipa wewe ukae na wanao. Kaa nao. Na kwa kuwa unakaa, wawili wa hao waliokwenda kazini hawatakuzidi nguvu."

"Bibi Tuliza! Mimi ni karani!"

"Ndiyo maana nakuachia na mama wa benki. Mtagawana sawasawa."

Mama wa benki alijaribu kusema ana miadi ya kusukwa nywele. Mzee wa mjukuu, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote, alikuwa ameshaingia ndani na kuutandika mkeka, akauliza kama kuna chai.

Bibi Tuliza hakungoja. Alishuka kizingiti, akaruka lile rundo la viatu akiwa ndani ya gauni lake la maua, akaenda mtaani kwa mwendo ambao watu walikuwa hawajauona tangu siku nyumba ya jirani ilipowaka moto. Alimfikia binti yake, akasimama kando yake, anahema.

"Twende," alisema.

Binti alitazama mbele. "Na wale?"

"Wana baba yao."

"Wote?"

"Leo wote."

Binti aligeuza kichwa kidogo, akamtazama mama yake kuanzia kitambaa cha kichwa, akashuka kwenye maua, akafika chini. Mdomo wake ukaanza kucheza. "Mama, umevaa viatu kinyume."

"Najua. Nilikuwa nawahi kukufungulia, akatokea yule mwenye kaptula."

Hapo binti alicheka, akacheka mpaka mkate ukamponyoka nusu. Alichuchumaa katikati ya njia, akamvua mama yake viatu, akamvisha upya, mguu kwa mguu wake, na Bibi Tuliza akamshika bega asianguke. Kisha akamwonyesha kwa kidole: mlango wake unaelekea mashariki, jua likichomoza linaingia mpaka kwenye kiti, na paka amekwisha kufukuzwa tangu jana.

Hawajaenda mbali, wakasikia mtu anakimbia nyuma. Alikuwa Baba Pacha, kaptula imelowa upande mmoja, mtoto wa muuguzi begani analia kama king'ora.

"Bibi Tuliza! Bibi Tuliza! Huyu hanyamazi. Nimempa maziwa, nimempa mdoli, nimempa mpaka saa yangu. Nifanye nini?"

Binti aliubana mkono wa mama yake. Bibi Tuliza hakuuchomoa mkono. Aligeuza shingo tu.

"Mwimbie."

"Nimwimbie nini? Mimi sijui nyimbo!"

"Imba hesabu zako za ofisini, yeye hachagui. Mgeuze tumbo lilale kwenye mkono wako, hivyo, kichwa kwenye kiwiko. Mpigepige mgongo kwa vidole, si kwa kiganja. Tembea naye, usisimame. Ukisimama anajua umechoka. Wa fundi akikaa kimya sana, mtazame mdomoni. Wanao ukiwalaza, wape kisogo, wakikuona macho hawalali." Alianza kuondoka, kisha akamgeukia mara moja tu. "Na kila utakachokijua leo, mwonyeshe mama wa benki kabla jua halijatua. Sikukuu ijayo ni zamu yake, na wewe ndiye utakayemfundisha."